Mwaka wa Lemuri-panya

Manka alirudi kumzika mama yake, na mimi nilienda mazikoni nimevaa koti ambalo mke wangu alilipiga pasi mara mbili. Mara ya pili alifanya makusudi, akinitazama kwa pembeni, kisha akasema, "Haya, nenda ukaonane na mtu wako wa lemuri." Mke wangu anaijua habari hii robo tatu. Robo iliyobaki sikuijua hata mimi mpaka siku ya tatu ya matanga, ndiyo maana nimekaa kuandika. Sina umri wa kujiita mzee, ingawa vijana wa hapa Rau wameanza kunipa shikamoo bila kusita, na mimi nimeanza kuitikia bila kuona haya. Magoti yangu yanajua mvua kabla ya redio. Lakini nilipofika nyumbani kwao Uru, nikapita katikati ya migomba hadi uani, nikamwona Manka amebeba sinia la vikombe, mvi zimemwingia kwenye paji, watoto wawili wanamfuata wakisemezana kwa lugha ambayo bibi yao hakuwahi kuijua, moyo wangu ulifanya kitu nilichodhani umeshaacha kukifanya. Nikampa pole. Akasema, "Nimeshapoa, Eli," akanipa kikombe, akapita. Kwa siku mbili hatukusema zaidi ya hapo, maana msiba wa Kichagga una wageni wengi na kazi nyingi, na mimi nilipangiwa kuni.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye chumba chenye kompyuta sita, nne zikiwa nzima, mtaa wa pili kutoka mnara wa saa pale Moshi mjini. Watu walikuja kuandika barua pepe na kutafuta vyuo. Chumba kilinuka plastiki iliyopata moto, na asubuhi kilinuka vitumbua vya dada aliyekuwa akikaangia mlangoni. Intaneti ya wakati ule ilikuwa ya kusubiri. Ukifungua picha ya mnyama, ilishuka kuanzia masikio. Unaona masikio, unakunywa chai, unaona macho, na mkia ulipofika mteja alikuwa ameshaondoka. Manka alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori huko juu mlimani. Alikuja Jumatano moja, akachagua kompyuta namba tatu kwa sababu iko dirishani, na maneno yake ya kwanza kwangu hayakuwa salamu. "Kaka, hii imeandikwa na nani?"

Ilikuwa ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuingia akaandika, na ukurasa ulikuwa wa lemuri-panya, mnyama mdogo wa Madagaska. Kwa Kiswahili palikuwa na mistari sita tu, na mpaka leo naweza kuikariri. Kwamba lemuri-panya hupatikana Madagaska na kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kwamba hula ndizi mbivu. Kwamba hulia kama mtoto mchanga. Kwamba hupenda sana mbege, na wenyeji humtegea kwa kumwachia pombe chunguni, asubuhi wakamkuta amelala chakari. Mimi nilicheka, kwa sababu huyo alikuwa ni komba wetu wa migombani kabisa, yule tunayemsema mtu akilewa, ila amepewa jina la kigeni na hati ya kusafiria. Manka hakucheka. Alikaa akiutazama ule ukurasa kama mtu aliyekuta ng'ombe wa jirani shambani kwake.

Aliniambia sababu siku hiyo hiyo. Kituo kimoja cha utafiti wa misitu huko Madagaska kilikuwa kinatafuta kijana mmoja kutoka nchi zetu, akafunzwe kazi kwa miaka miwili. Walitaka vyeti na barua kama kawaida, na kitu kimoja zaidi: makala kuhusu mnyama wa kwao, iwe kwenye kamusi elezo ile, kwa lugha ya mwombaji, ili mtu wa kawaida asome aelewe. Kwenye jopo lao palikuwa na msomaji wa Kiswahili. Mwaka uliotangulia mwenzake wa darasani alikuwa ameshapita kila kitu, akaachwa kwa sentensi moja tu aliyoikisia. "Kosa moja, Eli," Manka aliniambia, akinyanyua kidole. "Hawana shida na mtu asiyejua. Wana shida na mtu anayekisia." Alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza alichoazima chuoni, kimechanika jalada, na muda wa kuanzia Machi mpaka Julai. Mimi sikuwa na lolote ila Kiswahili changu. Shuleni nilikuwa wa mwisho katika kila somo lingine, lakini insha zangu zilisomwa mbele ya darasa, na hiyo ndiyo mali niliyompelekea Manka.

Tulifanya kazi mchana baada ya saa tisa wateja walipopungua, na Jumapili tulihamia chumbani kwangu Rau. Mimi Mlutheri, yeye Mkatoliki, na misa yao iliisha mapema, kwa hiyo nikirudi kutoka ibadani nilimkuta ameshakaa kizingitini anamenya ndizi, vidole vimejaa utomvu, kitabu kimefunguliwa juu ya goti. Chumba changu kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa nililoliweka mlangoni, kigoda kimoja, na dirisha lililotazama migomba ya mwenye nyumba na nyuma yake giza la miti ya msitu wa Rau. Yeye alikaa kwenye kigoda, mimi ukingoni mwa kitanda na daftari. Machalari ya ndizi yakichemka, yeye alisoma Kiingereza kwa sauti, akaniambia maana, nami nikatafuta sentensi. Tuligombana juu ya kila kitu. Yeye alitaka ukweli wote uingie kwenye mstari mmoja; mimi nilitaka mstari upumue. "Mangi, hii siyo insha ya shule," alikuwa akisema, na mimi nilipenda sana kuitwa mangi, yaani chifu, na yeye, ingawa kwetu hata muuza nyanya anaitwa hivyo.

Jumapili moja tulikwama kwenye uzito. Kitabu kilisema ni gramu kadhaa, na mimi nikamwambia hakuna mtu wa Kiboriloni atakayeona chochote kwenye gramu. Manka alichukua yai kwenye bakuli, yai la kuku wa kienyeji, akaliweka kwenye kiganja changu na kuvifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. "Huyo hapo," akasema. "Mzima mzima, na mkia wake, na macho yake makubwa. Uzito wake ni huo." Mikono yake ilikuwa na joto la jiko. Nilikaa nimeshika lile yai muda mrefu kuliko ilivyohitajika na sayansi, na sitazunguka: nilimpenda pale pale, na sikuwahi kuacha kwa namna ambayo mtu anaweza kuiita kuacha. Kisha akaninyang'anya yai akalitumbukiza kwenye sufuria, tukalila na chumvi. Kwenye makala tuliandika, "Uzito wake ni kama wa yai dogo la kuku."

Tatizo letu la kwanza lilikuwa na jina na kofia. Kila tulipofuta habari ya mbege, kesho yake tuliikuta imerudi, na kwenye ukurasa wa majadiliano pameandikwa, "Waharibifu wasiojulikana waache kudhalilisha maarifa ya wenyeji." Nikamjibu kwa heshima, nikamwelekeza chumba chetu kilipo. Siku mbili baadaye aliingia mzee mrefu, koti la kijivu, kofia mkononi, kabrasha kwapani. Alikuwa Mwalimu Aloyce, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi Pasua, na yeye ndiye aliyeianzisha ile makala. Alikuja kwa miguu.

"Shikamoo Mwalimu," Manka akasema, akasimama.

"Marahaba. Wewe ndiye unayefuta?"

"Ndiyo, Mwalimu. Huyo aliyelewa mbege ni komba wetu. Huyu wa Madagaska hajawahi kuiona mbege."

"Unajuaje? Umemuuliza?" Mwalimu akakaa bila kukaribishwa, kabrasha magotini. "Binti, mimi nimezaliwa kihambani, kwenye migomba. Tangu utoto nimesikia habari za komba kulewa. Hawa ni ndugu. Mmoja akipenda kitu, ndugu yake atakataa?"

"Mwalimu, ulimwona kwa macho yako akilewa?"

"Kila mtu anajua."

Dada wa vitumbua alikuwa ameacha kukaanga, anasikiliza. Manka alifunga kitabu chake. Alimwomba Mwalimu twende pamoja Kiboriloni, kwa mama yake, ambaye alikuwa amepika mbege karibu maisha yake yote, na kama kuna mtu duniani wa kutoa ushahidi ni yeye. Mwalimu alikubali haraka kidogo.

Mama Manka alikuwa na kibanda nyuma ya soko, viti vya mbao, mapipa mawili, na kanga aliyoifunga kifuani akiwa kazini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitusikiliza huku akikoroga, akachota kwa kata, akanywa yeye kwanza kama ilivyo desturi, kumwonyesha mgeni kwamba pombe haina neno, ndipo akampa Mwalimu. Mwalimu akauliza swali lake kwa Kiswahili cha darasani, kwamba je, katika uzoefu wake, komba huvutwa na kinywaji hiki na kulewa.

"Baba," Mama Manka akasema, "mapipa haya nimelala nayo mvua na jua. Komba nawasikia huko juu ya miti, wanapita zao. Hajashuka hata mmoja. Walevi niliowaona hapa wana miguu miwili, na wengi wao walimu."

Watu waliokuwa wamekaa walicheka mpaka mmoja akamwaga. Mwalimu Aloyce naye alicheka, nampa heshima kwa hilo, alicheka akafuta macho, akanywa kata nyingine, na kesho yake aliingia kwenye ukurasa akafuta mwenyewe sentensi ya mbege, akaandika kwenye sehemu ya sababu, "Nimekosa shahidi." Tangu siku hiyo akawa upande wetu, na nadhani ni hapo mambo yetu yalipoharibika. Mwalimu akiwa adui alitusumbua kwa sentensi moja. Akiwa rafiki alitusahihisha zote. Kila Ijumaa alikuja na kabrasha, akasoma kwa sauti, akasimama kwenye kila neno lisiloeleweka. Mwezi wa tano alisimama kwenye lile la usingizi. Kitabu cha Manka kilieleza kwamba wakati wa kiangazi, chakula kikiadimika, lemuri-panya hulala usingizi mzito ndani ya shimo la mti, mwili ukapoa, akaishi kwa mafuta aliyoyaweka mkiani. "Kiangazi lini?" Mwalimu akauliza. "Msomaji lazima aambiwe lini. Mkulima akisoma hapa, atataka mwezi."

Nikaandika mwezi. Nilifikiri kidogo tu, kama mtu anayefikiri siku ya soko la mtaani kwake. Kiangazi ni Januari na Februari, nani asiyejua? Ndiyo miezi jua linapokausha mifereji, majani ya mgomba yanajikunja, na ng'ombe wanakatiwa majani mbali. Nikaandika, "Januari na Februari, jua linapowaka na majani kujikunja, yeye huwa amelala shimoni, mkia ukimlisha." Mwalimu alinyoosha mkono akanipa. Manka aliisoma mara mbili, akasema hiyo ndiyo sentensi nzuri kuliko zote katika makala nzima. Nilitembea kwa miguu hadi Rau siku ile bila kuhisi ardhi. Sisi watatu, na mmoja wetu akiwa anasomea wanyama, hakuna aliyekumbuka kwamba Madagaska haiko Kilimanjaro.

Julai ikafika na baridi yake, mlima umefunikwa wiki nzima, watu wamejifunga mashuka. Jopo lilikuwa limeandika kwamba Ijumaa saa nne asubuhi wataisoma makala. Wiki hiyo Manka alikuwa porini kwa mafunzo ya chuo, sehemu ambayo simu haishiki, na angerudi chuoni Ijumaa alfajiri. Kabla ya kuondoka alipita dukani kwangu, pale kwenye kompyuta. "Makala nakuachia wewe," akasema. "Mtu akiivuruga, irudishe. Ukiona kosa, sahihisha. Nakuamini kuliko ninavyojiamini." Kisha akanipiga kofi dogo begani akaondoka.

Jumanne aliingia mtawa mmoja aliyekuwa akihudumu hospitali ya huko juu. Alikuwa amevaa sweta mbili juu ya kanzu yake na alitaka kuwaandikia nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na kizuri. Nikampa kompyuta namba tatu, nikamtania kwamba baridi ya Moshi imemkamata. "Hata nyumbani sasa ni baridi," akasema. "Baridi na ukavu. Hakuna tone la mvua mpaka mwezi wa kumi na moja." Nikamuuliza nyumbani ni wapi. Akasema Madagaska.

Nilimwuliza taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao asioamini. Januari kwenu kukoje? Akacheka. Januari ni mvua, na vimbunga, na kila kitu kijani. Wanyama je, wale wadogo wa usiku wenye macho makubwa? "Ah, wale!" Akaonyesha ukubwa wao kwa kiganja, vile vile nilivyoshikishwa lile yai. "Sasa hivi wamelala. Utotoni kaka zangu waliwakuta kwenye miti mwezi kama huu, baridi kama mawe, unadhani wamekufa." Aliandika barua yake, akanishukuru, akaondoka. Nilibaki nimekaa mbele ya sentensi nzuri kuliko zote katika makala nzima.

Niliisahihisha. Nataka hilo lijulikane, kwamba kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa sahihi. Nikaandika kwamba hulala katika kiangazi cha kwao, miezi ya katikati ya mwaka, wakati wa baridi na ukavu. Nikahifadhi. Kisha nikakaa, na chumba kilikuwa kitupu, na nikaanza kuona mambo. Nikaona kigoda changu kitupu Jumapili. Nikaona kwamba kosa moja tu lilikuwa limesimama kati ya Manka na Madagaska, na kwamba kosa hilo lilikuwa mikononi mwangu. Na kwamba asingejua kamwe. Tungelaumu kitabu, tungemlaumu Mwalimu, ningemfariji. Nilitoka nikanunua kitumbua sikukila. Nikarudi nikabonyeza tengua. Januari na Februari ikarudi mahali pake, nzuri na ya uongo, na nikajiambia kwamba mimi si msomi, mtawa mmoja si kitabu, na si kazi yangu kuamua. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Jumatano sikuifungua kompyuta namba tatu. Alhamisi baada ya saa saba sikuweza kukaa, nikaenda Kiboriloni bila sababu, nikamwambia Mama Manka nimepita kumsalimia. Akanipa kiti. Alikuwa na mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akichambua maharage na kumwuliza habari za binti, na mimi nikawa nasikiliza huku natazama chini. Yule mama akasema, pengine ni heri Manka akose hiyo safari, mzazi amezeeka, atasaidiwa na nani? Mama Manka aliendelea kukoroga. "Akikosa atarudi hapa kunisaidia," akasema. "Na atanisaidia vizuri, namjua. Atashika mwiko huu mpaka azeeke nao, na hatanilaumu hata siku moja." Akafunika pipa moja. Nilidhani amemaliza. "Hilo ndilo naogopa. Usiku naamka naogopa hilo." Kisha akachota, akaonja, akanipa, na mimi nikairudisha kata ikiwa imejaa. Nilimwambia nimesahau kufunga duka.

Nilikimbia kutoka Kiboriloni hadi mnara wa saa, mtu mzima, watu wakinipisha. Nilisahihisha saa kumi na nusu jioni na safari hii niliondoka kwenye kiti papo hapo, nikazima umeme wa chumba chote. Wateja wawili walipiga kelele.

Barua ilikuja Agosti. Manka aliichapisha kwangu, na Mwalimu Aloyce akaisoma kwa sauti kuanzia tarehe hadi sahihi. Jopo lilisifu makala kwa usahihi wake, wakataja sehemu ya usingizi. Jumapili ya mwisho alikuja Rau, hakumenya ndizi. Nilikuwa nimezimenya mwenyewe, vibaya. Alikuwa amevaa gauni la njano ambalo sikuwahi kuliona. Alikula kidogo. Alizungumza habari za pasi ya kusafiria na chanjo, kisha akaacha, akatazama dirishani, akasema, "Eli, huna la kuniambia?" Nilikuwa nalo. Lilikuwa limejaa kifuani mpaka linauma. Lakini niliona kwamba nimemwibia mara moja na nimerudisha, na mwizi aliyerudisha hana haki ya kuomba kitu. Nikasema, "Usisahau sweta. Kule Julai ni baridi." Akasema asante. Alikaa dakika chache akasema anakwenda kumsaidia mama.

Miaka miwili ikawa mitano, ikawa ndoa huko huko na bwana misitu, ikawa watoto, ikawa kadi za Krismasi zilizoandikwa "kwa familia yote". Alikuwa akija kumwona mama yake, siku chache chache, na kila mara nilisikia ameshaondoka. Mimi nilioa mwanamke mwema kuliko nilivyostahili na sijutii siku yangu hata moja naye. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa na kitu kidogo cha kujivunia, ambacho sikumwonyesha mtu: kwamba nilipenda mtu nikamwachia aende. Nilikitoa nikakitazama mara kwa mara. Kilinipa hamu na kilinipa heshima, vyote kwa pamoja, na niliishi navyo vizuri.

Siku ya tatu ya matanga wageni walipopungua, nilimkuta Manka jikoni kwa mama yake anasugua masufuria kwa majivu. Nikakaa kumsuuzia. Tulizungumza habari za Mwalimu Aloyce, aliyetangulia zamani, na tukacheka. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nilirudi kutoka porini Ijumaa ile, nikaingia maktaba ya chuo saa mbili asubuhi. Niliogopa kuisoma makala, nikafungua kwanza ule ukurasa wa historia."

Nilijua ukurasa huo. Unaonyesha kila badiliko, nani kalifanya na saa ngapi. Sikuwahi kudhani kuna mtu anausoma.

"Nikaona umesahihisha Jumanne," akasema. "Nikaona umetengua, Jumanne hiyo hiyo. Nikaona umesahihisha tena Alhamisi."

Maji yalikuwa yakinimwagikia miguuni. "Ulinichukia?"

"Mimi?" Ndipo akanitazama. "Nilifurahi mpaka nikatoka nje ya maktaba. Barua ilipokuja sikufurahi hivyo. Nilisema, kumbe hataki niende. Nilisema, Jumapili moja atasema, kabla sijaondoka. Nikaenda kununua lile gauni la njano."

Niliweka sufuria chini. Nilifikiria kile kitu changu cha kujivunia, na jinsi kilivyokuwa hakina maana. Hakuna aliyewahi kuniomba nimzuie, niliombwa neno tu, na nikatoa sweta. Nje watoto wake walikuwa wakiitana kwa lugha yao. Niliuliza kwa sauti ambayo hata sikuitambua, "Ningesema, ungebaki?"

Manka alifikiri kwa uaminifu, kama alivyokuwa akifikiri kabla ya kuniruhusu kuandika neno.

"Hapana," akasema. "Ningekwenda. Ila ningerudi."